Vioo Vilivyoachwa Vimesimama

Ninyi mnaopanda juu ya mapaa ya Nyahanga, hapa Kahama, na spana kiunoni, mkifunga sola huku mnapiga soga, nina neno nanyi. Juzi mmoja wenu alifunga paneli kwenye bati langu. Kijana ana adabu, shikamoo aliitoa kabla hajashuka kwenye pikipiki. Nikamwuliza, "Jua unalijua wewe?" Akacheka. "Bibi, jua si lile pale?" Anayelionyesha jua kwa kidole hajawahi kulishika mkono.

Mimi nimelishika. Shule niliacha mapema nikaenda kuchunga ndama, kwa hiyo vipimo msiniulize. Nitasema nilichokiona. Na nilichokiona kilinishtua wakati ule, kinanishtua hata sasa nikiwa nimekaa peke yangu napembua choroko.

Kazi yangu ilikuwa kugeuza vioo. Kazi hiyo haipo tena, hata jina lake limekufa. Tulikuwa wanawake, kila mmoja na kamba zake mkononi, tunageuza vioo vikubwa kama milango ili mwanga wa jua usitoke kwenye pipa la chuma. Pipa linachemka, mvuke unasukuma pampu, pampu inatoa maji. Ndivyo ilivyokuwa. Mkikataa, shauri yenu.

Kijiji chetu kilikuwa kati ya Kahama na Geita, chini ya kilima ambacho wazungu walichimba dhahabu kisha wakaondoka. Tulipohamishiwa vijiji vya pamoja tuliwekwa pale kwa sababu moja tu: wale wazungu waliacha kisima kirefu cha kambi yao. Maji yalikuwemo. Shida ilikuwa kuyatoa. Injini ya dizeli ilikuwepo, dizeli haikuwepo. Miaka ile mafuta yaliadimika mpaka malori ya kubeba pamba yalilala, na pamba yetu ikalala nayo.

Sasa palikuwa na Fundi Masalu. Ujanani alilisha moto boila la wazungu, na boila lenyewe, lile pipa la chuma, lilikuwa bado limesimama kilimani karibu na kisima, limeshika kutu, ndege wamejenga ndani. Akalisafisha, akaliunganisha na pampu yao ya mvuke, tukawasha kuni. Maji yakatoka, tukashangilia. Lakini boila lile lilikuwa linakula kuliko ng'ombe. Tulililisha miti mpaka kilima kikawa kipara. Tukalilisha mabua ya pamba. Tukalilisha mavi makavu ya ng'ombe. Likala vyote, halafu likanyamaza.

Bwana shamba akaja akasema maneno machache: "Kiangazi hiki maji yasipotoka, mtahamishwa tena."

Nyumba ya kwanza nilikuwa nimeibomoa kwa mikono yangu. Nilikuwa na Shija mgongoni na mimba tumboni. Kuhamishwa mara ya pili sikutaka hata kukusikia.

Fundi Masalu alikaa kutwa nzima kwenye ukuta wa shule, anajishika shingo. Tukadhani amechanganyikiwa. Bati la shule lilikuwa jipya, linang'aa, na yeye alikuwa amekaa pale mwanga wake unapoangukia. "Shikeni hapa," akatuambia, anaonyesha shingo. Ilikuwa ya moto kama ya mtu mwenye malaria. "Bati moja limenifanya hivi. Mabati mia yangefanya nini?"

Bibi Kabula akamjibu, "Yangekufanya nyama choma. Toka kwenye jua, baba."

Huyu Bibi Kabula mumjue vizuri. Alikuwa mjane, mkubwa wetu wote, ndiye kiongozi wa kikundi chetu cha kulima. Mdomo wake ulikuwa mkali, na jembe lake halikuacha jani. Kila kitu cha kazi nilichonacho nilikitoa kwake.

Mabati mapya yangetoka wapi? Nani angetupatia? Kioo chenyewe cha kujitazamia kilikuwa anasa. Jibu lilikuwa Kahama, nyuma ya duka la Bwana Kanji, Mhindi aliyeuza majani ya chai kwa rejareja. Chai ilikuwa inakuja kwenye masanduku ya mbao nyembamba, na ndani yake yametandikwa karatasi la bati, jembamba, jeupe, linang'aa kama fedha. Chai ikiisha, sanduku linatupwa. Nyuma ya duka yalikuwa yamelundikana hadi dirishani.

Tulikwenda na mkokoteni wa punda. Fundi Masalu akaanza kueleza habari za jua na mvuke. Bwana Kanji akamkatisha. "Fundi, sijaelewa hata neno moja. Unayataka masanduku?"

"Nayataka."

"Yote?"

"Yote."

"Basi chukua kabla hujabadili mawazo. Panya wamefungia ndoa humo, sasa wanangoja wajukuu."

Tukayapasua masanduku ubavu kwa ubavu, tukapigilia mbavu kwenye fremu za miti, upande wa fedha juu; hivyo ndivyo vioo vyetu. Palipochanika tulibandika kwa uji mzito wa muhogo. Kosa la kwanza hilo. Asubuhi tulikuta mbuzi wamelamba vioo, wametafuna na karatasi. Bibi Kabula akasema tutie majivu na mwarobaini kwenye uji. Mbuzi walilamba mara moja, wakatutazama kama tumewatukana, hawakurudi. Mchwa nao wakaacha.

Kosa la pili lilikuwa langu peke yangu. Siku ya kwanza tulisimamisha vioo vichache tu, tukavielekeza kwenye boila. Mimi nikaona mahali pakavu, pana joto, nikaanika kanga yangu mpya juu ya bomba. Niligeuka kumpa Shija maji. Nikasikia harufu. Nilipotazama, kanga ilikuwa na tundu katikati, pembezoni mwa tundu panatembea moto mwekundu, polepole, kama mdudu. Hapakuwa na kiberiti. Hapakuwa na kaa. Nilipiga kelele nikakaa chini.

Fundi Masalu alikuja anakimbia, akaitazama ile kanga, akaanza kucheza. Mtu mzima! "Limekubali! Limekubali!"

"Limekubali nini? Kanga yangu!"

"Nitakununulia nyingine, Mama Shija."

Hakuninunulia.

Lakini jua halikai. Hapo ndipo kazi ilipotushinda. Mnaelekeza kioo, mnageuka kunywa maji, mwanga umeshatoka kwenye boila. Na unatoka kinyume. Jua linakwenda machweo, mwanga wa kioo unakwenda mawio. Lishikeni hilo neno, nitalirudia.

Fundi alisema Ulaya mashine ya saa ndiyo inayogeuza vioo, meno yake yanatembea kidogo kidogo. Alijaribu kutengeneza yake kwa jiwe lililoning'inizwa na magurudumu ya baiskeli. Upepo ukaja, vioo vikacheza kila kimoja ngoma yake. Alivuta kofia machoni akasema, "Hapa pameishia."

Siku hiyo hiyo Bundala, mpiga ngoma wetu, alikuwa shambani kwa jirani anapigia watu ngoma ya kulima. Ninyi mmeiona bugobogobo kwenye sherehe, watu wanarusha majembe juu na kuyadaka. Sisi hatukuijua kwa sherehe. Ilikuwa kazi. Ngoma inawainua wote pamoja, inawainamisha wote pamoja, na jembe la mvivu linaonekana kutoka mbali. Na ilikuwa na heshima zake. Mtu akifa kijijini, jembe halikai limesimama. Unalilaza chini, uso wake ardhini, ndipo unakwenda msibani. Ngoma nayo inalazwa ubavu. Hilo tulifundishwa kabla ya kufundishwa kulima.

Bibi Kabula alikuwa amekaa kwenye kivuli cha boila, miguu ameinyoosha. Akasikiliza ngoma. Akasema, "Masalu, tunapolima nani anatazama saa?"

Fundi akainua kofia.

Kesho yake Bundala aliletwa kilimani. Kila kamba ilifungwa mafundo, na kila kioo kikapigiliwa msumari wa kushikia fundo. Bundala anaimba wimbo wake mpaka mwisho, anapiga pigo moja zito, na sisi wote tunahamisha kamba fundo moja. Wimbo unaanza tena. Jua likihama, nasi tumehama. Fundi alikuwa anazunguka anapunguza hapa, anaongeza pale, mpaka wimbo na jua vikapatana. Gharama yake ilikuwa pombe ya Bundala na uji wetu.

Siku ya vioo vyote sitaisahau. Tulisimama kilimani tangu asubuhi. Wimbo baada ya wimbo. Boila likaanza kulia ndani, kwanza kama tumbo la mwenye njaa, halafu likawa linagonga. Watu waliokuja kutucheka wakarudi nyuma. Kisha vali ya kutolea mvuke ikapiga filimbi. Haki ya Mungu! Wapo waliokimbia hadi barabarani. Mzee mmoja alipiga magoti, akavua kofia, hajui anamwomba nani. Pampu ikainuka, ikashuka, ikainuka. Maji yakatoka mekundu kwa kutu, halafu ya njano, halafu maji.

Hapakuwa na moshi. Hicho ndicho kilichotuogopesha. Tulizoea kazi kubwa iwe na moshi.

Sasa sikilizeni mambo ya mkono. Kioo kinafutwa asubuhi kabla hakijapata moto, kwa pamba mbichi na maji yenye majivu kidogo. Ukikifuta mchana, karatasi linajikunja. Nanyi paneli zenu mnamwagia maji baridi saa saba mchana, nimewaona. Pili, vioo vikiwa vingi, mwanga wako utaujuaje pale kwenye boila? Unakifunika kioo chako kwa kanga. Panapotia giza ndipo pako. Kuna mwenzetu mmoja aligeuza kioo asubuhi nzima akidhani mwanga unaotembea ni wake, kumbe ni wangu. Tatu, mpiga ngoma asiwe na mapenzi. Bundala alipoanza kumposa binti wa jirani, nyimbo zilikwenda mbio, mwanga ukaliacha jua nyuma. Bibi Kabula alimwita mbele ya wote. "Bundala, baba. Jua halijaposwa. Punguza."

Na macho. Tulifunga kanga usoni, lakini mng'ao unaingia tu. Jioni macho yetu yalikuwa mekundu. Sisi vijana usiku mmoja yanarudi. Ya Bibi Kabula hayakurudi. Yalibaki mekundu kama pilipili, asubuhi na jioni. Tulimtania. Hatukujua tunatania nini.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, jua kali, pampu inafanya kazi, tangi la maji limejaa nusu. Fundi Masalu alikuwa amekwenda Kahama kutafuta gaskiti ya kuziba mvuke. Pamba ya kijiji kizima ilikuwa imelundikwa upande wa mawio wa boila, inangoja lori. Tuliiweka pale kwa sababu palikuwa na kivuli cha boila jioni. Hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo.

Yowe likalia kutoka nyumbani kwa Mzee Nkwabi, mmoja wa wazee wetu. Mkewe alikuwa mgonjwa, tulijua. Yowe la msiba likilia kwetu, mkono hauulizi umeshika nini. Tuliachia kamba. Bundala aliitupa ngoma. Tulikimbia wote, tunalia, kanga zimeanguka mabegani. Vioo tuliviacha vimesimama, vyote, vinatazama boila.

Jua likaendelea na safari yake machweo. Mwanga ukaenda mawio.

Tulikuwa tumekaa chini, tumeanza kumlilia marehemu, Mzee Nkwabi mwenyewe ameshika kichwa, mtu mmoja akasema, "Ule moshi ni wa nini?" Moshi mweupe, mnene, kutoka kilimani. Kilima kile hakikuwa na moshi. Niliiona ile kanga yangu, na mdudu wa moto anatembea.

Tulipofika, Bibi Kabula alikuwa ndani ya moshi. Hakuwa amekuja msibani. Katika kulia kule hakuna aliyeliona hilo. Upande mmoja wa kilima vioo vilikuwa vimelazwa chini, nyuso ardhini, kimoja kimoja, kazi ya mtu mmoja. Upande wa pili vilikuwa bado vimesimama, na pamba inaungua. Alikuwa amefungua koki ya tangi, maji yanateremka, naye anayachota kwa karai na kumwaga, anavuta pamba inayowaka kwa mikono mitupu. Kitenge chake kimeungua hadi gotini. Hakutuita. Alisema tu, "Lazeni vioo! Vioo kwanza!"

Tukalaza. Tukachota. Lundo moja liliteketea lote, mengine yakapona. Tangi likabaki tupu.

Nilitegemea mtu aseme wabeja, mayu. Asante, mama, basi. Badala yake nikasikia sauti ya mwanamume nyuma yangu, imetulia kabisa. "Mayu, yowe lilipolia ulikuwa wapi?"

Yule mwanamume akamsogelea.

"Wote tulikwenda. Wewe ulibaki unafanya nini peke yako?"

Mwingine akasema, "Hebu mtazameni macho."

Wajukuu zangu, ninyi mmezaliwa nyuma. Kwetu miaka ile, kikongwe mwenye macho mekundu asiyekwenda msibani alikuwa ameshahukumiwa kuwa mchawi. Wa kwanza anauliza, wa pili anatazama macho, wa tatu anakwenda kunoa panga. Mimi nilikuwa nimesimama na karai mkononi, macho yangu mekundu kuliko yake kwa moshi, na hakuna aliyenitazama mimi. Sikuamini. Watu wale nilikula nao. Mikono yao ilikuwa imelowa maji aliyoyatoa yeye.

Nikasema, "Macho ni ya vioo! Sote tunayo!"

"Mama Shija, nyamaza. Wewe ulikwenda."

Bibi Kabula hakujitetea. Alifuta masizi usoni, akatafuta pa kukaa.

Wakaamua atengwe mpaka matanga yaishe, halafu Mzee Nkwabi, mwenye msiba, aseme. Kutengwa ni kwamba hupewi moto, husalimiwi, huchoti maji. Vioo navyo vivunjwe siku matanga yatakapoisha, kwa sababu ni vya mchawi. Mwanamke aliyetupatia maji akae bila maji, na sisi baada yake tufuate, maana bila vioo tunahamishwa. Nilimpelekea maji kwa siri ndani ya kibuyu cha maziwa, mlangoni kwake. Aliniambia, "Usije tena. Una watoto." Nikaja tena.

Matanga yakaisha. Watu walipanda kilimani, wengine wameshika mashoka ya kuvunjia vioo, wengine mapanga ambayo hawakusema ni ya nini. Fundi Masalu alijaribu kueleza jinsi mwanga unavyotembea, wakamwambia akae. Bibi Kabula aliletwa akasimamishwa mbele. Mzee Nkwabi akaja na fimbo yake, amenyoa kichwa. Hakumsalimu mtu. Alitembea kati ya vioo. Upande ule alioulaza Bibi Kabula ulikuwa kama ulivyokuwa. Akasimama.

"Hivi nani alivilaza?"

"Ni yeye," wakasema.

"Lini?"

"Yowe lilipolia. Wakati sisi tunakimbia kwako."

"Na hivi vya huku, vilivyounguza pamba?"

Akatugeukia sisi wageuza vioo, mmoja mmoja, nami nilitamani ardhi ipasuke.

"Bundala, ngoma yako uliilaza?"

"Niliitupa, baba."

"Ilianguka vipi?"

"Ilisimama."

Mzee Nkwabi akatikisa kichwa. "Mke wangu amekufa, mkaja kwangu mmeacha kazi imesimama. Ngoma imesimama. Vioo vimesimama, vinamkodolea macho marehemu. Baba zenu waliwafundisha hivyo? Mtu akifa jembe linafanywaje?"

Mtoto mdogo mbele akajibu, "Linalazwa."

"Linalazwa. Hata mtoto anajua." Akamnyooshea Bibi Kabula fimbo. "Kijiji kizima, ni huyu mmoja tu aliyekuwa anamlilia mke wangu ipasavyo. Alikuwa bado analaza majembe yenu. Mngemsubiri awamalizie, ndipo mumwulize mbona amechelewa."

Nilishtuka kuliko nilivyoshtushwa na moto. Neno lile sote tulikuwa nalo tangu utotoni, halikumjia mtu hata mmoja. Mwenye shoka alianza kulichezea kama aliyebeba kuni tu. Mwenye panga hakuonekana tena.

Mzee Nkwabi akainama, akamchotea Bibi Kabula maji ya mtungini kwa karai, akampa kwa mikono miwili. Bibi Kabula akanywa. Halafu, kwa ule mdomo wake, akasema, "Na pamba mtaihamisha lini kutoka pale? Au mnangoja msiba mwingine?"

Tuliihamisha siku ile ile. Na Bundala akatunga pigo jipya, mapigo matatu mazito, ya kulaza. Likipigwa, unainamisha kioo chako uso chini, unahakikisha cha jirani, ndipo unakwenda. Kiangazi kile hatukuhamishwa. Wala kilichofuata. Vioo vilifanya kazi mpaka boila lilipotoboka tumboni kwa uzee na dizeli ikarudi madukani. Fremu tukazifanya milango ya mazizi.

Lakini kabla ya hapo Bibi Kabula alikufa, kitandani kwake, mzee, macho yake mekundu yamefumbwa na binti yake. Yowe lilipolia nilikuwa kilimani na kamba mkononi. Mguu ulitaka kukimbia. Bundala alikuwa analia huku anapiga: moja, mbili, tatu. Tukainamisha vioo, safu kwa safu, na kilima chote kikafifia kama mtu aliyefumba jicho. Nilitazama cha jirani. Ndipo nikaenda kumlilia.

Kwa hiyo ninyi wa Nyahanga, na ninyi mlio Kalangalala huko Geita mnaofunga masola makubwa kwenye maghala. Mimi ni mzee. Siku mtakaposikia yowe langu, kama mko juu ya paa, shusheni spana, zimeni swichi, tazameni na ya mwenzenu. Ndipo mje. Sitawahesabu kuwa mmechelewa.